Kulikagua Pigo la Redio Lililonaswa

Mchoro laini usikulaghai. Mawimbi ya redio ya bendi pana sana, yale yanayonaswa kwa osiloskopu na kuchambuliwa ndani ya MATLAB au Simulink, mara nyingi huharibika kabla uchambuzi wenyewe haujaanza, na bahati mbaya ni kwamba uharibifu huo huufanya mchoro upendeze zaidi.

Redio hizi hutuma mapigo mafupi mno, ya nanosekunde chache au hata chini ya moja. Zimo kwenye iPhone nyingi tangu ile ya 11, iliyotoka mwaka 2019. Mwaka 2002 Marekani iliziruhusu kati ya GHz 3.1 na 10.6, kwa nguvu isiyozidi dBm −41.3 kwa kila megahezi, kiwango kilekile kinachovumiliwa kwa mawimbi yanayovuja tu kutoka kwenye vifaa vya kielektroniki. Ukiona pigo limesimama peke yake bila kelele yoyote kulizunguka, uliza limeoshwa na nani.

Mimi huanza na faili, mchoro baadaye. Tazama safu ya muda. Kwa sampuli bilioni 40 kwa sekunde, sampuli mbili zinazofuatana zimeachana pikosekunde 25. Sasa, kama faili imehifadhi tarakimu sita tu, ukifika mikrosekunde 10 baada ya triga, yaani ishara inayoanzisha unasaji, haiwezi tena kutofautisha chini ya pikosekunde 100, na sampuli nne zinabeba muda mmoja. Fundi mzuri huitupa safu hiyo na kuujenga muda upya kutokana na kasi ya sampuli. Asiyejali huikabidhi Simulink hivyo hivyo. Tena hatua ya uigaji isipolingana na muda wa sampuli, programu huziba mapengo kwa mistari iliyonyooka, kimyakimya.

Osiloskopu nazo zina ujanja wao. Nyingine hujaza nukta za katikati kwa hesabu, kisha faili ikajidai ina sampuli maradufu. Wigo wa masafa utaisuta: kelele itaporomoka ghafla kwenye nusu ya kasi ya kweli. Wastani wa mapigo elfu moja nao unasafisha kelele, sikatai, lakini triga ikiyumba pikosekunde kadhaa wastani huo unageuka kichujio na kuzilainisha ncha kali tulizokuja kuzitafuta. Vilele vilivyokatwa bapa havihitaji maelezo. Kinachosahaulika ni kipimo cha volti: osiloskopu ya biti 8 ina ngazi 256, na pigo linalojaza robo ya skrini limetumia 64 tu.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote hakihitaji programu ya bei. Antena haitumi mkondo mnyoofu. Kwa hiyo, katika pigo lililopokewa, eneo lililo juu ya sifuri na lililo chini yake lazima yafutane. Likibaki salio la maana, ama osiloskopu ina volti za ziada ambazo hazikuondolewa, ama mkia wa pigo umekatwa mapema.

Kuondoa athari ya kebo na antena ndiko kunakotenganisha mafundi. Kugawanya wigo kwa wigo ni rahisi, ila pale antena inapodhoofika unagawanya kwa kitu kilicho karibu na sifuri, na kelele inafumuka. Mwenye kujua hukomea kwenye bendi ambayo antena inafanya kazi, na husema wazi amekomea wapi.

Halafu hesabu miangwi ya pigo. Bendi ya MHz 500 ina ukali wa nanosekunde 2, na mawimbi ya redio husafiri sentimita 30 kwa kila nanosekunde: sentimita 60 za njia. Kupima mwangwi mmoja uliojitenga kwa usahihi wa sentimita 10 kunawezekana kabisa. Kuitenganisha miwili iliyopishana sentimita 10 ni jambo jingine, na anayekuletea orodha ya miangwi ya namna hiyo akuonyeshe kwanza ni dhana gani ameiongezea data.