Kununua Kisichouzwa: Uhakiki wa Msamiati wa Kufuli za Kidijitali katika Muziki na Michezo ya Kompyuta

Ikisiri

Makala haya yanahakiki maneno manne ambayo mlaji wa Afrika Mashariki hukutana nayo anapolipia muziki au mchezo wa kompyuta mtandaoni, yaani nunua, pakua, leseni na haramia. Hoja kuu ni kwamba manung'uniko ya walaji kuhusu kufuli za kidijitali hayatokani na kufuli peke yake. Yanatokana pia na pengo lililopo kati ya maana ya maneno hayo katika Kiswahili cha kila siku na masharti ya mkataba ambao maneno hayo yanauwakilisha. Makala yanalinganisha njia za zamani za kulinda kazi za sanaa katika ukanda wetu na kufuli za sasa, yanajibu pingamizi mbili, kisha yanatoa mapendekezo matatu kwa asasi za lugha na mamlaka za kumlinda mlaji.

1.0 Utangulizi

Miaka michache iliyopita nilipanda basi Nyabugogo, jijini Kigali, kuelekea Rusizi. Kwenye simu yangu nilikuwa na albamu niliyoilipia kupitia programu moja ya muziki. Tulipoingia msitu wa Nyungwe mtandao ulikatika, na programu ikagoma. Iliniarifu kwamba haiwezi kuthibitisha akaunti yangu, na kwa hiyo nyimbo hazitachezwa. Abiria aliyeketi kando yangu alikuwa na nyimbo zilezile. Aliwekewa kwenye memori kadi na kijana wa kibanda kimoja cha pale stendi, kwa fedha kidogo kuliko nilizolipa mimi. Nyimbo zake zilicheza hadi Rusizi.

Tukio hilo ni dogo, lakini lina swali ambalo mtafiti wa lugha hawezi kulikwepa. Kitufe nilichobonyeza kiliandikwa nunua. Ikiwa nilinunua, kwa nini niombe idhini kila ninapotaka kutumia mali yangu? Na ikiwa sikununua, neno hilo lilifanya nini pale?

Teknolojia inayozungumziwa hapa ni programu inayofungamanishwa na wimbo au mchezo ili usichezwe, usinakiliwe wala usihamishwe isipokuwa kwa masharti ya mwenye kazi. Tafsiri iliyozoeleka ya jina lake ni "usimamizi wa haki za kidijitali". Jina hilo lina kasoro. Linataja haki bila kusema ni haki za nani, na halitaji kabisa kinachompata mlaji, yaani kufungiwa. Kwa hiyo makala haya yanatumia istilahi kufuli ya kidijitali, ambayo msikilizaji wa Biryogo, Kariakoo au Kisauni ataielewa bila mkalimani.

2.0 Kutoka Stika hadi Kufuli

Kabla ya kulaumu kufuli, ni haki kukumbuka kilichosababisha zitafutwe. Enzi za kanda za kaseti, nakala moja ya taarabu au ya muziki wa dansi iliweza kuzaa nakala mia bila mtunzi kupata hata senti. Serikali zetu zilijibu kwa kuweka alama. Tanzania, chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, COSOTA ilianzisha stika maalumu iliyoitwa Hakigram, na kuanzia mwaka 2013 stempu za kodi zikawekwa kwenye kazi za muziki na filamu. Kenya nayo, kupitia Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, ilidai kazi za sauti na za picha ziwe na alama ya uthibitisho kabla ya kuuzwa.

Hatua hizo zilikuwa na udhaifu mwingi, lakini zilikuwa na sifa moja ya kukumbukwa. Mzigo uliwekwa mabegani mwa muuzaji na mzalishaji. Stika ilimwambia mnunuzi kwamba nakala ile ni halali, basi. Haikumfuata nyumbani, haikuuliza anaicheza kwenye redio gani, wala haikumzuia kumwazima jirani au kumrithisha mwanawe.

Kufuli ya kidijitali iligeuza mpangilio huo. Mkataba wa Hakimiliki wa WIPO wa mwaka 1996 ulizitaka nchi wanachama zilinde kisheria hatua za kiteknolojia zinazotumiwa na wenye kazi, na Marekani ikatunga sheria yake mwaka 1998. Tangu hapo kuvunja kufuli kukawa kosa linalojitegemea. Sheria ya Kenya niliyoitaja imo katika mkondo huohuo.

Matokeo yake kwa wanunuzi waaminifu yanajulikana. Mwaka 2005 ilibainika kwamba baadhi ya CD za Sony BMG zilipachika kwa siri kwenye kompyuta za wanunuzi programu iliyojificha na kudhoofisha usalama wa kompyuta hizo. Kampuni ililazimika kuziondoa sokoni. Mwaka 2008 wanunuzi wa mchezo wa Spore waligundua kwamba wameruhusiwa kuuwasha kwenye kompyuta tatu tu, na hasira zao zikalazimisha idadi hiyo iongezwe. Mwaka 2009 Amazon ilifuta kwa mbali nakala za riwaya mbili za George Orwell kutoka kwenye vifaa vya wateja waliokwisha kuzilipia. Ilirudisha fedha na kuomba radhi, lakini funzo lilibaki, kwamba muuzaji ana mkono unaofika mpaka kwenye kabati la mnunuzi. Mwaka 2024 kampuni ya Ubisoft ilizima seva za mchezo wa The Crew, uliotolewa mwaka 2014, na mchezo huo ukawa hauwezi kuchezwa tena hata na mwenye diski mkononi. Ombi la raia wa Ulaya la kutaka michezo iliyouzwa isiuawe kwa namna hiyo lilivuka saini milioni moja mwaka 2025.

Katika visa vya aina hii, mara nyingi aliyenakili kinyume cha sheria hakuguswa, kwa sababu nakala yake haikuwa na kufuli. Aliyeumia ni yule aliyelipa.

3.0 Uhakiki wa Maneno Manne

3.1 Nunua

Kiswahili kina msamiati mpana wa kupata kitu. Tunanunua, tunakodi, tunapanga, tunaazima, tunakopa, tunaweka rehani. Kila kitenzi kina masharti yake, na mzungumzaji hahitaji wakili kuyajua. Aliyenunua haulizwi atarudisha lini, aliyeazima huulizwa. Kinyarwanda nacho kinatofautisha kugura, gukodesha na gutira, kwa hiyo mlaji wa Kigali analeta sokoni tofauti hizo kwa lugha zote mbili.

Mkataba wa duka la kidijitali kwa kawaida unasema kwamba mteja hapati umiliki wa nakala, kwamba haki yake inaweza kusitishwa, na kwamba hawezi kuiuza wala kumpa mwingine. Kwa mizani ya Kiswahili, hayo ni masharti ya kukodi, na pengine ya kuazima kwa malipo. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Mlaji aliyeambiwa amenunua nguo, kisha akavuliwa barabarani, ana haki ya kusema ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Sheria imeanza kuliona tatizo hili kuwa la lugha. Jimbo la California lilitunga sheria, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025, inayomkataza muuzaji wa bidhaa za kidijitali kutumia maneno ya Kiingereza yenye maana ya kununua, isipokuwa amweleze mteja waziwazi kwamba anachopata ni ruhusa inayoweza kuondolewa. Bidhaa ambayo muuzaji hawezi kuiondoa tena baada ya malipo haikuguswa na katazo hilo. Hapo bunge lilifanya kazi ya mwanasemantiki. Liliuliza mtu wa kawaida anaelewa nini anaposoma neno, na likamtaka muuzaji aheshimu uelewa huo.

3.2 Pakua

Wanaistilahi wetu walifanya kazi nzuri walipochagua kupakua kwa tendo la kuhamisha faili kutoka mtandaoni. Kupakua ni kushusha shehena kutoka chomboni, na ni kutoa chakula kutoka sufuriani hadi sahanini. Maana zote mbili zinadokeza mwisho wa safari. Mpishi akishapakua, harudi mezani kudai wali urudi jikoni.

Lakini katika programu nyingi za muziki, wimbo "uliopakuliwa" unabaki ndani ya programu ileile, katika faili lisilofunguka kwingine, na hutoweka malipo ya mwezi yakikoma. Shehena haikushushwa, imeonyeshwa tu kwa mpokeaji ikiwa bado melini. Kosa hapa si la neno. Ni la wanaolitumia kwa tendo jingine. Hifadhi kwa muda lingekuwa tamko la kweli zaidi.

3.3 Leseni

Katika Kiswahili cha Afrika Mashariki, leseni ni kibali cha mamlaka, kama vile leseni ya udereva, ya biashara au ya uvuvi. Mwenye leseni ni mtu aliyethibitishwa, na huibeba kwa fahari. Kwa hiyo mlaji anaposoma kwamba "amepewa leseni" ya mchezo, husikia nguvu iliyoongezwa juu ya ununuzi wake. Mkataba unakusudia kinyume cha hapo. Unasema kwamba haki ya mlaji ni finyu, haihamishiki na inaweza kufutwa. Tafsiri hii ni sahihi kwa mwanasheria na potofu kwa msomaji. Ruhusa ya kutumia, ikifuatwa na muda na masharti yake, ingesema jambo lilelile bila kuvaa joho la serikali.

3.4 Haramia

Haramia wa asili ni mnyang'anyi wa baharini au njiani. Jina hilo sasa analo kijana wa memori kadi wa Nyabugogo. Sitetei anachofanya, kwa kuwa anauza jasho la mtunzi bila idhini ya mtunzi. Ninachohoji ni upande mmoja wa msamiati. Tunalo jina kali la anayechukua bila kulipa, lakini hatuna jina lolote la muuzaji anayechukua tena alichokwisha kulipwa. Jambo lisilo na jina ni gumu kulilalamikia, na ni gumu zaidi kulitungia sheria.

4.0 Pingamizi Mbili

Pingamizi la kwanza ni la wasanii, nalo ni zito. Kwamba bila kufuli, tutarudi enzi za kaseti. Jibu lake limo katika historia ya tasnia yenyewe. Mwaka 2007 Steve Jobs wa Apple alizitaka hadharani kampuni kubwa za muziki ziachane na kufuli, na kufikia mwaka 2009 duka la iTunes likawa linauza nyimbo zake zote bila kufuli. Biashara ya kuuza nyimbo haikufa kwa sababu hiyo. Karibu zaidi na kwetu, huduma ya Mdundo, iliyoanzia Kenya, imekuwa ikitoa faili za kawaida za MP3 zinazochezwa kwenye simu yoyote, huku mapato yakitafutwa kwenye matangazo. Njia za kumlipa mtunzi ni nyingi, na kufuli ni mojawapo tu.

Pingamizi la pili linatoka kwa wenzetu wa sera, wanaosema kwamba kubadili neno hakufungui kufuli. Ni kweli. Hata hivyo, makala haya hayadai kwamba kila kufuli ifunguliwe. Kukodi si dhambi. Wengi wetu tungependelea kulipia muziki kwa mwezi kuliko kununua albamu moja moja, na mkataba huo ni halali pale unapoitwa kwa jina lake. Ridhaa ya mlaji hujengwa na anachokielewa kabla ya kulipa. Neno likimdanganya, ridhaa yake ina ufa, hata kama alibonyeza "nakubali" chini ya kurasa za Kiingereza ambazo hakuzisoma.

5.0 Mapendekezo

Wakati wa kuyasema haya ni sasa. Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda tangu mwaka 2017. Tanzania ilikifanya lugha ya sheria mwaka 2021, na mwaka huohuo Wakuu wa Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki wakakiidhinisha kuwa lugha rasmi ya Jumuiya. Tafsiri tutakazozikubali katika miaka hii zitaingia katika sheria, na sheria haibadilishwi kwa urahisi kama kamusi. Kwa hiyo makala haya yanapendekeza mambo matatu.

Kwanza, mamlaka za kumlinda mlaji, ikiwemo RICA ya hapa Rwanda na wenzake katika nchi jirani, ziweke kanuni kwamba neno nunua na mnyambuliko wake litumike tu kwa wimbo au mchezo ambao muuzaji hawezi kuuondoa baada ya malipo. Kwa mengine yote litumike kodi au lipia matumizi.

Pili, kabla ya malipo, mlaji aonyeshwe kwa Kiswahili chepesi mambo manne: atatumia kwa muda gani, kwenye vifaa vingapi, kama mtandao unahitajika kila mara, na nini kitatokea huduma ikifungwa. Maelezo hayo yatoshe kusomwa kwenye skrini moja ya simu ndogo.

Tatu, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, pamoja na BAKITA na BAKIZA, ziketi na ofisi za hakimiliki na wawakilishi wa walaji kusanifu istilahi za eneo hili. Orodha ianze na maneno manne yaliyohakikiwa hapa, na itofautishe daima hakimiliki ya mtunzi na umiliki wa nakala. Mtunzi hapotezi lake kwa kuwa msikilizaji anamiliki nakala yake.

6.0 Hitimisho

Wanaistilahi tumezoea kujipima kwa wingi wa maneno tuliyoyaunda. Uhakiki huu unapendekeza kipimo kingine, yaani kama neno letu linamwezesha mtu mwenye fedha kidogo kujua anachokitolea fedha hizo. Siku ile Nyungwe sikuhitaji istilahi mpya. Kama kitufe kingeandikwa kodi, ningejua kwamba wimbo ni wa mwenyewe, ningeamua kwa hiari kulipa au kutolipa, na nisingekuwa na la kulalamika msituni. Lugha yetu ilikuwa na neno la kweli tangu zamani, ila halikuandikwa pale nilipobonyeza.