Uhakiki wa Kanuni ya LIA katika Udhibiti wa Msongamano wa Njia Nyingi

Uhakiki huu unachunguza LIA, kanuni ya kudhibiti msongamano katika itifaki ya MPTCP iliyochapishwa mwaka 2011 katika waraka wa RFC 6356. Kanuni hiyo ina malengo matatu: mtumiaji wa njia nyingi asipate kasi ndogo kuliko ya njia moja iliyo bora, asiwapunje watumiaji wa njia moja, na mzigo uondolewe kwenye njia zilizosongamana. Uhakiki umebaini kuwa lengo la tatu limetimizwa nusu tu, kwani LIA huendelea kutuma pakiti katika njia iliyosongamana ili kuipima. Mwaka 2012, Khalili na wenzake walionesha gharama yake: watumiaji wa TCP ya kawaida waliweza kupoteza kasi bila wale wa MPTCP kufaidika. Uhakiki unahitimisha kuwa haki ipimwe katika mtandao mzima, si katika kiungo kimoja.