Utani wa Tarehe na Namna ya Kuuonja

Kila inapofika tarehe 27 Agosti, hakosi mtu kijiweni wa kukumbusha kwamba vita vya Zanzibar vya mwaka 1896 viliisha kabla chai haijapoa. Wenzake hucheka, kwa adabu zaidi kuliko furaha, maana walishausikia mwaka jana na mwaka juzi. Hapo ndipo utani mbovu wa "leo katika historia" unapojulikana: unaweza kubandikwa kwenye tukio lolote lililokwisha upesi. Chai imebeba mzigo wote, historia imepanda bure.

Mjuzi huanza kwa kuonja ukweli uliomo. Siku ile manowari za Waingereza zilianza kupiga mizinga saa 3:02 asubuhi, dakika mbili baada ya kwisha kwa muda aliopewa Khalid bin Barghash, aliyejitwalia usultani, atoke kwenye kasri. Kabla ya saa 4 mambo yalikuwa yamemalizika. Ila ndani ya dakika hizo zisizofika hamsini, watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Anayelijua hilo hakisogelei tena kikombe cha chai. Hutafuta kona nyingine, na kona ipo: meli ya Sultani, Glasgow, iliyozamishwa bandarini asubuhi hiyohiyo. Maji hayakuwa na kina cha kuificha. Milingoti yake ilibaki imechomoza hadi mwaka 1912, kama mtu aliyejificha chini ya kitanda akasahau miguu nje.

Fundi hasa huhama tarehe kabisa. Huenda 2 Oktoba. Khalid alikuwa amekimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, na Waingereza walikuwa nje wakimsubiri akanyage ardhi ya Zanzibar wamkamate. Wajerumani nao wakasubiri maji yajae. Yalipojaa, mashua ya manowari yao Seeadler ikasogea hadi kwenye lango la bustani ya ubalozi, Khalid akaingia, akaondoka zake bila unyayo kugusa udongo uliokuwa ukimngoja. Msimuliaji akifika hapo hana la kuongeza. Akiongeza, ameharibu.

Kisa hicho hakihitaji maelezo mengi Kivukoni, pale barabara ya kutoka Ifakara kwenda Mahenge inapovuka Mto Kilombero. Watu wa pale waliishi miaka mingi kwa ratiba ya maji. Mto ukifurika, kivuko kinasimama. Mto ukitulia, safari inaendelea. Kisha tarehe 5 Mei 2018 Rais John Magufuli akazindua daraja lenye urefu wa mita 384. Utani wa siku hiyo unaweza kuandikwa kwa sentensi moja: Kivukoni ilinyang'anywa kivuko, ikaachiwa "-ni".

Ni utani mzuri kwa sababu hauhami. Ukiupeleka Morogoro mjini umekufa njiani. Umeshonwa kwa jina la mahali, kwa sarufi ya lugha na kwa jambo lililotokea kweli, vyote pamoja. Wala haumdhihaki yeyote. Na mwenye busara hauchanganyi na Januari 2016, kivuko kilipozama mtoni hapo. Ile ni tarehe ya kupita kimya.

Reli ndiyo inayoonyesha upesi nani fundi na nani mwanagenzi. Tarehe 14 Julai 1976 TAZARA ilikabidhiwa rasmi, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ikipita Ifakara. Mwanagenzi atasema treni inachelewa. Nani asiyejua? Fundi atafukunyua kidogo na kukuta kwamba ujenzi wenyewe ulikamilika kabla ya muda uliopangwa. Basi atasema kwamba reli iliwahi kufika, na treni imekuwa ikirudisha ule muda polepole tangu siku hiyo.

Usahihi una kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Shabiki wa Yanga anayewacheka wenzake kila 1 Juni, akikumbuka mabao 5-0 ya mwaka 1968, anasema kweli, lakini akisema "Simba walipigwa" amejiachia mlango wazi. Mwaka ule Simba ilikuwa bado inaitwa Sunderland, na jina hilo liliendelea hadi 1971. Mtani wake atampokea palepale: dai lako kapeleke Uingereza. Kisha atamtajia 19 Julai 1977, mabao sita kwa bila, na wa Yanga atajibu kwa kuinua vidole vitano na kutaja 5 Novemba 2023. Ubishi huo ni wa daraja la juu, kwa kuwa kila kofi lina tarehe yake na hakuna anayepiga kamba.

Barabara ya lile daraja la Kilombero inaendelea hadi Mahenge, na kule kuna tarehe 30 Agosti. Mwaka 1905, katika Vita vya Majimaji, Wapogoro na Wambunga walilivamia boma la Wajerumani wakakutana na bunduki za rashasha. Wapo wanaochekesha watu kwa yale maji ya dawa yaliyoaminiwa kuzuia risasi. Huo ni utani wa mtu wa mbali. Desturi ya utani yenyewe inaonyesha kasoro iko wapi: Wangoni na Wahehe walipigana vikali karne ya 19, wakaja kuwa watani, na mtani anayetoa maneno makali msibani ndiye huyohuyo anayetumwa kazi za msiba. Anayewachekea wafu wa Mahenge hajashika hata jembe.

Afadhali abaki Ifakara na tarehe 20 Agosti, siku ya mbu duniani, inayokumbuka ugunduzi wa Ronald Ross wa mwaka 1897 kuhusu mbu na malaria. Katika bonde hili la Kilombero mbu hahitaji siku ya kukumbukwa. Lakini historia yake ya karibu imejaa zawadi: mwaka 2011 mtafiti Fredros Okumu wa Taasisi ya Afya Ifakara alipata ufadhili wa kuendeleza mitego inayowavuta mbu kwa harufu ya miguu ya binadamu, ile ya soksi zilizovaliwa. Msimuliaji mwenye mkono mwepesi huisoma habari hiyo jinsi ilivyo, uso mkavu, kisha hunyamaza na kuwaacha wasikilizaji waangalie miguu yao.