Pedi 16 Bila Tundu Moja: Kosa la Usanifu wa MPD218

Uamuzi wa Akai wa kuitoa MPD218 mwaka 2015 ikiwa na tundu la USB pekee, bila tundu la MIDI la pini tano, ulikuwa kosa la usanifu ambalo sifa nyingine za chombo hicho haziwezi kulifuta, kwa sababu ulizifanya pedi zake ziwe bubu mbele ya kila mpigaji asiye na kompyuta. Waliowatazama wapigaji wa ngoma za vidole, yaani wale wanaojenga midundo kwa ncha za vidole juu ya vibao vya mpira, wanaifahamu sura ya MPD218: pedi 16 zilizopangwa nne kwa nne, vifundo sita kando, na waya mmoja unaotoka nyuma. Waya huo mmoja ndio unaostahili kuchunguzwa, kwa kuwa ndio unaoamua kama bei ya takriban dola 100 ni nafuu ya kweli au ni malipo ya kwanza tu.

MPD218 ni kidhibiti, yaani chombo kinachotoa amri na wala si sauti. Amri hizo husafiri kwa MIDI, itifaki ya mwaka 1983 inayoviwezesha vyombo vya watengenezaji tofauti kuelewana, na kila pigo hubeba namba ya noti pamoja na nguvu ya pigo kwa kipimo kisichozidi 127. Katika waya wa pini tano, wenye mwendo wa biti 31,250 kwa sekunde, amri moja ya noti huchukua karibu milisekunde moja kufika, na mtumaji hahitaji ruhusa ya yeyote: huisema amri yake, na mashine iliyo upande wa pili hulia. USB imejengwa kwa utaratibu mwingine kabisa, ambamo lazima awepo mwenyeji anayeyaendesha mazungumzo na mgeni anayesubiri kuulizwa, na wageni wawili wakiachwa peke yao hawawezi kusemezana hata kidogo. MPD218 ni mgeni siku zote. Ikichomekwa kwenye chaja ya simu hupata umeme lakini hukosa wa kumpa amri, na mashine ya ngoma iliyowekwa kando yake, yenye tundu lake la kupokelea MIDI, hubaki kimya hata mpigaji akipiga mpaka vidole vife ganzi.

Ugumu wa kiufundi hauwezi kuwa utetezi wa uamuzi huo. Tundu la kupokelea MIDI huhitaji kijenzi cha kutenganisha umeme kwa mwanga, lakini tundu la kutolea, ambalo ndilo pekee linalohitajika hapa, kimsingi hutaka tundu lenyewe na rezista mbili za omu 220, na volti 5 zinazotumiwa na mzunguko huo ndizo zinazoletwa na waya wa USB. Kutojua nako hakuwezi kuwa utetezi, kwa maana ndugu zake wakubwa, MPD226 na MPD232, walipewa matundu hayo, na mtangulizi wao MPD16, aliyekuwa na pedi 16 na kitelezi kimoja tu, alikuwa na tundu la kutolea MIDI bila kujigamba. Kinachobaki ni uamuzi wa kuwapanga wanunuzi kwa madaraja, ambapo mwenye fedha zaidi huuziwa uhuru wa kupiga popote, na mwenye fedha kidogo, ambaye ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi ya kutokuwa na kompyuta, hulazimishwa kuitafuta. 

Dawa zinazopendekezwa huthibitisha ugonjwa. Kipo kisanduku cha upatanishi kinachoshika nafasi ya mwenyeji na kuzigeuza amri za USB kuwa MIDI ya pini tano, lakini nacho ni gharama nyingine juu ya bei ya pedi yenyewe. Ipo pia simu, kwa kuwa Android ilipata uwezo wa MIDI katika toleo la 6.0 mwaka huo huo wa 2015. Hata hivyo simu ni kompyuta yenye jina jingine, na katika simu nyingi muda unaopita kati ya kidole kugusa na sauti kutoka huwa mrefu kiasi cha kumfanya mpigaji aufuate mdundo badala ya kuuongoza.

Pedi za MPD218 zenyewe, hata hivyo, ni nene, imara na sikivu, na benki zake tatu humpa mpigaji nafasi 48.

Usikivu huo ndio kipimo cha pili, baada ya tundu la MIDI, ambacho mnunuzi hapaswi kukilegeza. Mpigaji dumbaki katika taarabu hupata sauti nzito katikati ya ngozi na sauti kali ukingoni, na huitofautisha kila moja kwa uzito wa kidole. Pedi isiyopima nguvu ya pigo humnyang'anya lugha hiyo yote. Launchpad ya kwanza ya Novation, kidhibiti chenye pedi za taa za rangi kilichotoka mwaka 2009, haikuipima nguvu hiyo, na tangu hapo taa za rangi zimekuwa zikisifiwa madukani kuliko mkono unaozigusa, upotofu ambao haujasahihishwa ipasavyo hadi leo.

Asiye na kompyuta, basi, aanze kuchagua kwa kutazama nyuma ya chombo kabla ya kutazama mbele. Alesis SR-16, mashine ya ngoma iliyotoka mwaka 1990, ina sauti 233 ndani yake na pedi 12 zinazosikia nguvu ya pigo, hivyo spika au vipokea sauti vya masikioni vinatosha kuanza kazi; pedi zake ni ndogo, lakini zinalia. BeatStep ya Arturia hupata umeme kwa chaja ya USB na kutoa MIDI kwa tundu dogo lenye kiunganishi chake, ingawa safu zake mbili za pedi nane nane huvilazimisha vidole kusafiri mbali. Anayependa mpangilio wa nne kwa nne atafute padKONTROL ya Korg, Trigger Finger ya kwanza ya M-Audio au MPD16 iliyokwisha kutumika, aiunganishe na mashine yoyote yenye tundu la kupokelea MIDI, na kabla ya kulipa apige kila pedi polepole, kisha haraka, kisha mbili kwa pamoja, kwa sababu pedi iliyochoka huonekana nzima mpaka iguswe kwa wepesi.

Wanaosema kwamba mambo mengi hayawezi kudaiwa kwa dola 100 husahau kazi ya Roger Linn, msanifu wa mashine za ngoma. MPC60 aliyoisanifu kwa ajili ya Akai, iliyotoka mwaka 1988 kwa bei ya karibu dola 5,000, ndiyo iliyoupa ulimwengu mpangilio wa pedi 16 ambao MPD218 imeurithi, na ilikuwa na sauti zake, disketi yake ya kuhifadhia, matundu mawili ya kupokelea MIDI na manne ya kutolea. Hakuna anayedai sauti hizo kwa bei ya leo, wala disketi, wala matundu yote manne. Kilichostahili kurithiwa pamoja na umbo la pedi ni tundu moja tu kati ya hayo manne, ili mtoto mwenye pedi na mashine kuukuu ya ngoma aweze kuvikutanisha kwa waya mmoja na kuanza kupiga.