Chuma Kina Sauti Yake

Mzee aliyenifundisha hakunipa mashine kuishika. Alinivika vipaza sauti vya masikioni, yeye akashika detekta ya kutafutia vyuma, tukatembea tumeunganishwa na waya. "Sikiliza kwanza, mwanangu. Mkono utajifunza baadaye." Alikuwa amekulia kwenye machimbo ya dhahabu ya Chunya na Mpanda, na aliporudi Sumbawanga alirudi na sikio ambalo sijalikuta kwa kijana yeyote mwenye mashine mpya.

Ufipa, kwetu huku Sumbawanga, ni mahali pagumu kujifunzia kazi hii. Udongo wake mwekundu una chuma kingi, na mashine hunguruma hata pasipo na kitu. Kwa hiyo kabla ya kutafuta chochote unautuliza udongo: unapandisha koili na kuishusha juu ya ardhi tupu mpaka mngurumo ukome. Kisha unakwenda polepole, koili ikilamba nyasi, kila mpito ukilalia nusu ya uliotangulia. Msumari hukwaruza. Sarafu hutoa sauti safi, ileile ukitoka kushoto au kulia. Kitu kilicho chini sana hakilii, kinanong'ona, na hapo ndipo mzee alipokuwa akifumba macho. Akiona shaka, alizunguka hadi ubavuni, akapitisha koili upya kukata njia ya kwanza. Mara nyingi alisema neno moja tu, "Kopo," tukaendelea na safari. Nilimheshimu zaidi kwa vile alivyokataa kuvichimba kuliko kwa vile alivyovipata.

Kuna mahali, kando ya kichuguu, mashine ilipiga kelele isiyokatika. Mzee akaizima, akainama, akaokota bonge jeusi akaniwekea kiganjani. Lilikuwa zito kuliko ukubwa wake. Upande mmoja lilimetameta, upande mwingine ungeweza kuona jinsi lilivyotiririka likiwa moto kisha likaganda katikati ya mwendo. Kulikuwa hata na alama ya mkaa ulionaswa humo. Mavi ya chuma. Hatua chache mbele yetu palisimama ukuta wa udongo ulioungua, umefika kiunoni: mabaki ya ilungu, tanuru la kuyeyushia chuma.

Malungu yalikuwa matanuru marefu kupita kimo cha mtu. Wafipa waliyajenga kwa udongo wa kichuguu, na hawakuyavuvia. Upepo uliingia wenyewe kwa mirija ya udongo iliyopangwa chini pande zote, moto ukavuta pumzi siku kadhaa. Kilichotoka humo kilichomwa tena katika kintengwe, tanuru dogo la mivukuto, ndipo mhunzi akapata chuma cha jembe. Tanuru jipya lilipambwa kama bibi harusi, na wayeyushaji walijitenga na wake zao mpaka kazi iishe. Watu hao waliijua ardhi yenye chuma bila waya masikioni. Ndiyo maana mzee aliizima mashine: pale haikuwa na la kutuambia.

Majembe ya kutoka nje yaliingia wakati wa ukoloni, na moto ukazimika. Lakini masalia yalibaki mahali pake, na kwa kuwa yalibaki, mwanaakiolojia Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliweza, katika miaka ya 1990, kuyasoma huko Nkasi na kutenganisha malungu na katukutu, tanuru la namna nyingine kabisa. Alisoma misingi, mirija iliyovunjika, na hayohayo mavi ya chuma yaliyolala palipomwagwa.

Sasa wanakuja watafuta mali ya Mjerumani. Wamesikia kuwa ngome ya Kasanga, iliyoitwa Bismarckburg, iliachwa na Wajerumani kwa haraka Juni 1916, na wameshawishika kuwa rupia zimezikwa katika kila kilima. Wanakodi mashine, inapiga kelele juu ya mavi ya chuma, nao wanaamini wamefika. Ukuta uliostahimili mvua za miongo mingi unabomolewa asubuhi moja. Mirija inapondwa kwa sururu, bonge jeusi linatupwa korongoni, na shimo linaachwa wazi ng'ombe avunjike mguu. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakataza kuchimbua mabaki ya namna hiyo bila kibali. Uchungu wangu, hata hivyo, hautokani na sheria. Mtu aliyekaa na mzee wangu kwa msimu mmoja tu angejua, kabla hajainua sururu, kwamba kelele ile pana isiyo na mwisho si ya sarafu.

Muuzaji wa mashine humpa kijana betri na risiti. Hakuna anayemkalisha akasikiliza misumari mpaka aichoke. Wazee wenye masikio hayo bado wapo Sumbawanga, na wengi wao wanatembea bila mwanafunzi.