Konseri Iliyokatwa Kabla ya Sebene

Ukitaka kujua muziki wa kwetu unapotelea wapi, omba telefoni ya mtu yeyote aliyekuwa kwenye konseri ya mwisho hapa Butembo ao kule Beni. Utakuta video kumi, kumi na tano. Moja ina sekunde ishirini, nyingine arobaini. Mwimbaji anaingia, watu wanapiga kelele, mwenye telefoni anajigeuzia kamera ili tumwone na yeye kwamba alikuwa pale, kisha basi. Sebene haijaanza hata. Kwa muziki wa Kongo, mtu anayekata kabla ya sebene ni kama mtu aliyelima, akapanda, akapalilia, halafu siku ya kuvuna akabaki nyumbani.

Wandugu, hapa kwenye page yetu tumezoea kuchambua albamu na klipu. Leo nataka tuchambue kitu kingine: rekodi ambayo shabiki anaifanya mwenyewe wakati konseri inaendelea, na namna watu wanavyopeana rekodi hizo. Wengi wanaiona kama kivuli cha albamu, kitu cha kutazama mara moja na kufuta ili telefoni ipate nafasi. Mimi naona ni kazi yenyewe, ina uzuri wake na makosa yake, na tuihukumu kwa ukali uleule tunaotumia kwa kazi ya studio.

Kwanza tuelewe ni nini kinapatikana jukwaani ambacho studio haina. Zamani za santuri ndogo, wimbo mrefu wa rumba ulikatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza upande A, ya pili upande B. Chombo ndicho kiliamua wimbo uishie wapi. Jukwaani hakuna upande A wala B. Gitaa inazunguka mpaka wachezaji wachoke, na kama watu hawajachoka, mpiga gitaa naye hana ruhusa ya kuchoka. Tangu Zaïko Langa Langa ilipoingiza atalaku ndani ya bendi, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kumeongezeka kitu kingine: mtu ambaye kazi yake ni kuongea na wale walio mbele yake. Anataja kartie zao, wafanyabiashara wao, mambo ya wiki ile. Albamu inatengenezwa kwa ajili ya kila mtu duniani, lakini sebene ya jukwaani inawazungumzia watu wa mahali fulani, siku fulani. Ikipotea, hakuna studio itakayoirudisha.

Sasa nipeni nafasi nilinganishe konseri mbili kubwa.

Ya kwanza ni ya kwetu. Septemba 1974, kwenye stade du 20 mai kule Kinshasa, lilifanyika tamasha la siku tatu lililoitwa Zaïre 74, likitayarishwa na Hugh Masekela na Stewart Levine ili liende pamoja na pigano la Muhammad Ali na George Foreman. Foreman akaumia juu ya jicho, pigano likasogezwa mpaka tarehe 30 Oktoba, lakini muziki ukapigwa kama ulivyopangwa. Franco na TPOK Jazz walipiga. Tabu Ley na Afrisa walipiga. Abeti alipiga, Stukas walipiga, Miriam Makeba aliimba. Mafundi walirekodi yote kwa vyombo vya hali ya juu. Kisha? Kanda zikafungiwa. Filamu ya Soul Power ilitoka mwaka 2008, lakini sehemu kubwa ya muziki wa wanamuziki wa Afrika ilitoka kama albamu mwaka 2017. Hesabu mwenyewe: miaka 43. Franco alikufa mwaka 1989, Abeti 1994, Makeba 2008, Tabu Ley 2013. Hakuna hata mmoja kati ya hao wanne aliyeishika albamu ile mkononi.

Ya pili ni ya mbali. Tarehe 8 Mei 1977, bendi ya roki ya Marekani inayoitwa Grateful Dead ilipiga kwenye Chuo Kikuu cha Cornell. Bendi hii ilikuwa na mashabiki waliokuja na mikrofoni zao na mashine zao za kaseti. Bendi haikuwafukuza. Mwaka 1984 iliwatengea hata eneo lao ndani ya ukumbi. Sharti lilikuwa moja: peaneni, musiuze. Mtu wa mji mmoja anamtumia mwenzake kaseti tupu na stempu za kurudishia, mwenzake anamnakilia konseri na kuirudisha kwa posta. Kwa njia hiyo konseri ya Cornell ikasambaa nyumba kwa nyumba. Rekodi bora zaidi ya siku ile ilifanywa na fundi wa bendi, mwanamke anayeitwa Betty Cantor-Jackson. Baadaye kanda zake nyingi ziliuzwa kwa mnada pamoja na vitu vingine vya stoo, mwaka 1986, juu kodi ya stoo ilikuwa haijalipwa. Zikaangukia mikononi mwa watu waliojua thamani yake, wakazinakili. Halafu maktaba ya taifa ya Marekani, Library of Congress, ikaiweka konseri ile kwenye orodha yake ya rekodi za kuhifadhiwa, orodha ya mwaka 2011. Albamu rasmi ilitoka mwaka 2017.

Mwaka uleule wa 2017! Konseri mbili za miaka ya 1970, zote zimekuwa albamu mwaka mmoja. Lakini mashabiki wa Cornell walikuwa wameisikia kwa miaka na miaka, wameijadili, wamegombana juu ya wimbo gani ulipigwa vizuri zaidi. Sisi tulikuwa na kanda nzuri, zilizorekodiwa na mafundi, na tukakaa bila kusikia. Tofauti haikuwa ubora wa mashine. Ya kwetu ilikuwa mahali pamoja, chini ya kufuli. Ya kwao ilikuwa mahali pengi, mikononi mwa watu.

Na musidhani ni Wamarekani pekee. Kule pwani, Mombasa, taarab ya harusi ilikuwa ikipigwa usiku kucha, na kaseti ndizo ziliibeba. Duka kama Mbwana Radio Service lilijulikana kwa kaseti hizo. Sauti ya Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, ilifika mpaka Uarabuni kwa Waswahili wanaoishi kule, si kwa sababu ya kampuni kubwa ya santuri, ila kwa sababu kaseti inaingia kwenye mfuko wa msafiri. Huku kwetu pia: Koffi Olomide alipojaza Bercy, Paris, Februari 2000, na Werrason Septemba ya mwaka uleule, nchi ilikuwa imekatwakatwa na vita na Beni na Butembo zilikuwa chini ya waasi, mbali na serikali ya Kinshasa. Lakini kaseti za video zilivuka mistari ya vita. Wakubwa zetu walijifunza hatua za ndombolo mbele ya televizio ya jirani, na mtu mwenye magnetoskope alikuwa mtu mkubwa kwenye kartie.

Basi kupeana kunaokoa. Lakini mimi ni mtu wa agronomi, na lazima niseme upande wa pili.

Muhogo haupandwi kwa mbegu, unapandwa kwa vipande vya mti. Jirani anampa jirani, bure, na ndiyo maana muhogo umefika kila kijiji. Lakini ule mti ukiwa na mozaiki, unapeana na ugonjwa. Kila shamba jipya linaanza likiwa tayari limeumia, na baada ya misimu michache watu wanasema: "Muhogo wa siku hizi hauzai." Si kweli. Aina ni ileile nzuri, ila imepita mikono mingi bila mtu wa kuchagua mti safi.

Rekodi iko vile vile. Kaseti iliyonakiliwa kutoka kaseti iliyonakiliwa kutoka kaseti inaongeza mvumo kila hatua, mpaka gitaa inasikika kama iko chini ya mvua. Wale wa Marekani walilijua hilo, ndiyo maana waliandika juu ya kila kaseti: tarehe, mji, ukumbi, orodha ya nyimbo, na hii ni kopi ya ngapi kutoka ya kwanza. Sisi leo tunafikiri telefoni imetuponya. Haijatuponya. Ukituma video kwa WhatsApp kama video ya kawaida, inabanwa. Anayeipokea anaituma tena, mwingine anakata kipande cha statut, mwingine anabandika maandishi yake juu. Na jina limekwenda: faili inaitwa VID na namba ndefu. Miaka mitano ijayo hautajua ilikuwa Butembo ao Kasindi, nani alikuwa kwenye gitaa, mwaka gani.

Kwa hiyo nikihukumu rekodi ya shabiki, naangalia mambo manne. Moja: imefika mwisho? Wimbo mzima wenye picha mbaya unashinda sekunde thelathini zenye picha nzuri. Mbili: sauti inasikika? Mtu anayesimama mbele ya bafle anapata besi iliyopasuka tu. Mtu aliyesimama katikati, karibu na fundi wa mitambo, anapata muziki. Tatu: watu wamo? Rekodi ambayo hausikii watu wakiitikia imekosa nusu ya konseri. Rekodi ambayo unamsikia tu mwenye telefoni akiimba vibaya imekosa nusu ile nyingine. Nne: ina karatasi yake? Tarehe, mahali, bendi, majina ya wapigaji. Rekodi nyingi za kwetu zinaanguka kwenye swali la kwanza, na karibu zote kwenye la nne. Zile zinazopita mara nyingi ni za kwaya: mwimbaji mmoja anaweka telefoni juu ya benchi, anaacha irekodi konseri nzima, na kesho anawapa wenzake wajifunzie. Hakuna anayejipiga picha. Muziki wa Kinande wa kwaya zetu una bahati kuliko muziki wa bendi zetu.

Najua kuna mtu tayari anaandika komenti: "Na mwanamuziki atakula nini?" Swali ni la haki. Grateful Dead waliweza kuruhusu kwa sababu waliishi kwa tiketi za mlangoni. Kaseti iliyopeanwa bure ilimleta mtu mwingine kununua tiketi. Bendi ya Butembo iko wapi na mlango? Tumeona Ebola ikitangazwa Agosti 2018 na kuisha Juni 2020, na kwa muda ule mkusanyiko wenyewe ulikuwa hatari. Tumeona hali ya dharura ya kijeshi ikianza tarehe 6 Mei 2021. Konseri ya usiku ikawa ya mchana, ao ikafutwa. Na sheria iko: ile ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda mtungaji na pia mwimbaji na mpiga chombo. Mtu anayechukua konseri ya bendi, anaiweka kwenye kadi memori na kuwachajia watu kwa pesa sokoni, anakula jasho la mwingine, na hakuna hoja yangu hapa inayomtetea.

Lakini tofautisheni kuuza na kupeana, kama mashabiki wale walivyotofautisha. Na muongeze kitu ambacho mazingira yetu yanadai: ruhusa ya bendi kabla, na kopi ya kwanza kwa bendi yenyewe. Bendi nyingi za hapa hazina pesa ya studio. Rekodi safi ya konseri yao, yenye tarehe na majina, wanaweza kuipeleka redioni, wanaweza kuitumia kuomba nafasi kwenye tamasha, wanaweza kuonyesha kwamba wimbo ule ni wao kabla mtu mwingine hajaurekodi kwa jina lake. Shabiki akifanya hivyo, amemsaidia mwanamuziki kuliko yule anayemrushia noti jukwaani ili atajwe jina.

Na kwa Beni swali hili si la starehe. Tangu Oktoba 2014 watu wamekimbia vijiji vyao mara moja, mara mbili, mara tatu. Mtu anayekimbia habebi gitaa. Anabeba watoto, godoro, na telefoni kama chaji iko. Katika kundi lililotawanyika hivyo, mpiga ngoma mmoja yuko Oicha, mwingine Butembo, mwingine amevuka Uganda. Kundi lile haliko tena; sauti yake iko kwenye telefoni moja yenye kioo kilichopasuka. Kama ile telefoni ikianguka majini, basi. Kama rekodi iko kwa watu wanne katika miji mitatu, kuna tumaini. Wakulima wetu wanajua jambo hili: mbegu ya maharagi ukiiweka yote kwenye nyumba moja, fukusi mmoja tu anatosha kuanza kazi. Ukimpa dada yako, na shemeji yako, na jirani, mwaka mbaya ukija utaenda kuomba na utapewa.

Konseri za Noeli na za mwaka mpya zinakaribia. Tukiwa watu watano tu wa page hii, kila mmoja achague konseri moja: aombe bendi ruhusa, asimame mbali na bafle, aache telefoni irekodi mpaka sebene iishe, aandike tarehe na majina, atume kama dokima ili isibanwe, ampe mwanamuziki wa kwanza na marafiki watatu baadaye. Kisha tuzilete hapa tuzichambue, tugombane juu yake, tuseme ipi imepigwa vizuri na ipi imerekodiwa vibaya. Hiyo ndiyo kazi ya ukosoaji, na haiwezekani kama hakuna kilichobaki cha kusikiliza.