Seva Inapogoma

Baada ya Sensa ya 2022 nchini Tanzania, vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu viligawiwa walimu. Kifaa kikawepo, ikabaki kuhangaikia bando. Ndiyo maana namheshimu fundi anayeigeuza laptop kuwa seva ndogo ya palepale ofisini: walimu wanaingia kwenye waifai yake na kupakua notisi bila kununua bando.

Kwa nje, kazi yenyewe ni amri moja: python3 -m http.server. Ufundi unaanza inapogoma.

Fundi ninayemsema yuko Korogwe, na huitwa mpaka Handeni. Ujumbe wa kosa huusoma hadi mstari wa mwisho kabla hajagusa kitufe. Ukisema anwani inatumika, haizimi kompyuta. Anajua poti 8000 imeshikwa, mara nyingi na seva ileile iliyosahauliwa kwenye dirisha lingine. Anaandika ss -ltnp, anaiona, anaifunga, au anahamia 8080. Akinyimwa ruhusa, anatazama namba: kwenye Linux, poti zilizo chini ya 1024 si za kila mtu.

Kazi hasa ni pale ukurasa unapofunguka kwenye laptop lakini kwenye kishikwambi haufunguki. "Mwalimu, imekataa papo hapo au inazunguka tu?" Swali hilo ni nusu ya tiba. Ikikataa papo hapo, huenda hakuna anayesikiliza kwenye anwani ile. Pengine seva iliwashwa na --bind 127.0.0.1, anwani ambayo mashine inaongea na nafsi yake tu. Ikizunguka muda mrefu, pengine kuna kinachozuia njiani, na anaanza kukagua ulinzi wa kompyuta, kisha ruta. Muda wote macho yako kwenye terminali, kwa sababu kila ombi linalofika huacha mstari. Mstari usipotokea, kupekua mafaili ni kupoteza muda. Ukitokea na 404, njia ni nzima ila folda siyo. Anaongeza --directory, chaguo lililokuja na Python 3.7, na kuitaja folda ya notisi.

Habadilishi mambo mawili kwa mpigo. Wapo wanaorundika machaguo yote mara moja, na seva ikikubali hawajui kilichoiponya. Yeye anabadili moja, anajaribu, anamuuliza mwalimu, hata kengele ya kipindi ikigonga.

Mwishoni, kabla ya kuwaita walimu wengine, anaifungua ile folda na kuondoa mitihani yote. Seva hii haina nywila. Aliye kwenye waifai ile anaona kila kilichomo.